Mwongozo wa Chakula Ufikapo Kibera na Kawangware



Ni chache nyumba za mwambao zisizokuwa na mtu wao Nairobi. Huyu ana mwana afanyaye kibarua katika viwanda vya Industrial Area, yule ana binti asomeaye uuguzi, mwengine ana ndugu aliyekwenda zamani na kuoa hukohuko. Na kwa kuwa kodi ya nyumba ndiyo iamuayo mtu akae wapi, wengi wao huishia kupanga chumba kimoja Kibera au Kawangware. Kibera yenyewe si ugenini kwetu. Mtaa ule ulianza na askari Wanubi, Waislamu waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao walikaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msituni, na wakalima na kufuga kabla mabati hayajafunika ardhi yote. Misikiti yao ingali Makina.

Mzazi apigapo simu, suala lake la kwanza ni: "Umekula?" Na jawabu siku zote ni moja: "Nimekula, mama." Safu hii leo yataka kulisogeza suala hilo hatua moja mbele. Amekula nini?

Tuna sababu ya kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya kila 4 nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo maishani mwao. Watu 94 katika kila 100 hawakuwa wakifikisha kiasi cha mboga na matunda kipasacho kuliwa kwa siku. Upande wa watoto, uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta kuwa 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ni nafuu kubwa, maana mwaka 2014 walikuwa 26, lakini mtoto aliyedumaa hajui kuwa takwimu imeshuka. Na huenda mtoto huyo akawa ndani ya chumba kimoja na mama aliyenenepa na mwenye shinikizo la damu, wote wawili wakila chungu kimoja. Wanga tele, sukari tele, mafuta tele, na mengineyo kidogo: chakula cha namna hiyo humnenepesha mkubwa na kumdumaza mdogo kwa wakati mmoja.

Mwaka 2017 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa taifa wa ulaji bora na mazoezi ya mwili. (Ni mwaka uleule ambao Wanubi wa Kibera walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, baada ya kungoja kwa vizazi, hayo yana siku yake.) Ukiyaweka kando maelezo ya kitaalamu, mwongozo huo wataka mambo ambayo bibi zetu wasingeyashangaa. Chakula cha kila siku kiwe cha aina mbalimbali. Mboga za majani, pamoja na mboga na matunda ya rangi nyekundu na manjano, viwepo kwa wingi kila siku. Maharagwe, kunde, mbaazi, pojo, karanga na mbegu ziliwazo viliwe si chini ya mara 4 kwa wiki. Nyama isiyo na mafuta, samaki, kuku au mayai, si chini ya mara 2 kwa wiki. Maziwa, yawe mabichi ya kuchemshwa au ya mgando, kila siku. Mafuta kwa kiasi, na yale yagandayo yapunguzwe zaidi. Sukari na chumvi kwa uchache, na chumvi iwe yenye madini ya iodini. Maji salama kwa wingi. Na mwili ufanye kazi. Kwenye orodha ya nyama mwongozo umewataja hata wadudu, na jirani zetu watokao magharibi ya Kenya wajua utamu wa kumbikumbi. Hilo twawaachia wenyewe.

Mtu wa Kawangware atasema kuwa maneno hayo yameandikiwa watu wa Lavington, mtaa wa matajiri ulio hatua chache tu kutoka kwao. Sisi twayakataa maneno hayo nusu na kuyakubali nusu. Kwenye kunde, mboga za majani na samaki wadogo, mwongozo unafuatika kwa mfuko mdogo, na soko la Toi, la Makina au la Kawangware lina kila kilichotajwa. Kinachokwamisha ni vitu ambavyo havikuwekwa kwenye orodha ya vyakula: moto, maji na wakati. Anayemshauri mtu wa chumba kimoja ale vizuri bila ya kuvitazama vitu hivyo vitatu, atakuwa amempa mawaidha tu.

Tuanze na moto. Maharagwe makavu yasiyolowekwa huweza kukaa jikoni saa 3. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na makaa yakapanda bei. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yakatozwa ushuru mpya wa shilingi 18 kwa kila lita. Kwa mtu anunuaye mafuta ya taa kwa kichupa, jioni baada ya jioni, chungu cha maharagwe kiligeuka anasa: kunde ni rahisi, moto wa kuivisha kunde ni ghali. Hapo ndipo chipsi, mandazi na chapati za njiani zilipopatia nguvu. Mnunuzi haachi kunde kwa kutojua faida yake. Huachia pale moto wake umshindapo.

Wanawake wa mitaa ile walikwishalitafutia dawa jambo hili kabla ya mtaalamu yeyote. Tangu asubuhi hutokosa githeri na maharagwe kwenye sufuria kubwa, kisha huyauza yakiwa yameiva, kwa kipimo cha kikombe au bati. Mnunuzi hubeba nyumbani, akakaanga kitunguu na nyanya, akatia, na katika dakika 10 chakula ki tayari. Asiyeijua hesabu ya mafuta ya taa ataona ni uvivu. Kwetu sisi ni busara, maana moto wa mtu mmoja umeivisha chakula cha nyumba 40. Anayeishi kwa ujira wa kila siku akinunua kunde za namna hiyo mara 4 kwa wiki, amekwishatimiza kipengele kizima cha mwongozo, na bado atabakiwa na kitu. Apendelee zinazouzwa zikitoa mvuke, maana zilizopoa tangu adhuhuri zastahili kuchemshwa upya.

Na ambaye angali ataka kujipikia, aloweke maharagwe usiku kucha, ayamwage yale maji, kisha ayachemshe kwa moto mkali. Maharagwe mekundu hasa yasikose kuchemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kwani yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiondoi. Yakishachemka kiasi cha nusu saa, sufuria ifunikwe barabara na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu, iachwe humo saa kadhaa. Joto lililomo litaendelea kuivisha bila senti moja ya mafuta. Mtu huenda kazini na kurudi akakuta chakula ki karibu kuiva, kikisubiri kuchemshwa tena mara moja tu kabla ya kuliwa. Siku hizi pia kuna mitungi ya gesi ilipiwayo kidogo kidogo kwa simu, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga gesi ina fadhila nyengine, nayo ni kumwepusha na moshi.

Maji ni mlango wa pili. Katika sehemu kubwa ya Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mabomba yaliyofukiwa ardhini yalipita kandokando ya mitaro ya maji machafu. Bomba likipasuka, uchafu huingia. Ndiyo maana shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede aliyekulia palepale Kibera, liliamua kuyapitisha mabomba yake hewani juu ya nguzo. Mwongozo usemapo "kunywa maji kwa wingi", Kibera maana yake ni nunua maji, kisha yachemshe au yatie dawa, yaani mtungi na moto kwa pamoja. Soda iliyofungwa huonekana salama kuliko maji ya kikombe, na mara nyengine ni kweli kwamba ni salama kwa siku ile. Lakini chupa ya kawaida ya mililita 300 ina sukari ya yapata gramu 30, ambayo ni zaidi ya vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kuwa sukari ya kuongezwa ikomee karibu na gramu 25 kwa siku nzima kwa atakaye faida zaidi ya afya. Chupa moja imekwishaupita mpaka, na bado hajanywa chai.

Na chai ndiyo jambo. Chai ya asubuhi, chai ya saa 4, chai ya jioni pamoja na mkate, kila kikombe na vijiko vyake 3. Hatuwezi kumwambia mtu wa pwani wala wa bara aache chai. Tungepoteza wasomaji wote kwa siku moja. Twasema mawili tu. Kwanza, kijiko kipungue kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea kabla haujajua. Pili, chai isinywewe pamoja na chakula cha kunde au mboga za majani, bali saa moja kabla au baada, kwa kuwa majani ya chai huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mwanamke mwenye upungufu wa damu aweza kula maharagwe na terere kila siku, kisha chai ya palepale ikamnyang'anya faida. Ndimu hufanya kinyume chake. Matone machache juu ya mboga au maharagwe, au kachumbari yenye nyanya mbichi, huusaidia mwili kuyachukua madini hayo.

Tukija kwenye mboga, msomaji wa mwambao atapata taabu ya majina kabla ya taabu ya bei. Terere ya Nairobi ndiyo mchicha wetu. Managu ni mnavu. Ndengu ni pojo. Mrenda ni mrenda, na majani ya kunde ni yaleyale. Sukuma wiki haihitaji tafsiri, jina lake lenyewe lasema kazi yake. Ni mboga njema, lakini jani lile moja likiliwa siku 7 mfululizo halitimizi sharti la aina mbalimbali. Terere na managu hupatikana kwa mama mboga yuleyule. Kuzichambua ni kazi zaidi, na hapo twarudi kwenye wakati.

Kuna desturi moja ya Nairobi ambayo twaomba ibadilishwe. Mama mboga humkatia mteja sukuma nyembamba kama nywele, akaitia mfukoni, na mteja akifika nyumbani huiosha. Uzuri mwingi wa mboga huenda na maji yale. Ioshwe ikiwa majani mazima, ndipo ikatwe, na ikaangwe kwa dakika chache, isipikwe mpaka ikawa rangi ya kahawia. Na kwa kuwa baadhi ya mboga ziuzwazo mjini humwagiliwa kwa maji ya mito iliyochafuka, kuosha kwa maji safi si jambo la hiari.

Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipoadimika Kibera, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza mwaka 2008 kuwafundisha wakaazi kilimo cha magunia. Gunia husimamishwa likajazwa udongo na samadi, katikati hupangwa mawe ya kupitishia maji toka juu hadi chini, kisha miche hupandwa juu na ubavuni kote kupitia matundu. Gunia moja lakalia nafasi ya kigoda na hubeba miche kadhaa ya sukuma, mchicha au vitunguu vya majani. Halitamlisha mtu mboga zake zote, lakini mama mwenye magunia mawili mlangoni hana siku ya kukosa jani. Udongo utolewe mbali na mitaro na majaa ya taka.

Samaki. Sisi tuliozoea changu na kolekole hatuwatazami dagaa kwa heshima, na Nairobi hutukuta wenyewe tukimtafuta samaki mkubwa ambaye bei yake si ya kibarua. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huliwa mzima na miba yake, na kwa hiyo humpa mlaji protini, madini ya chuma na ya chokaa kwa pamoja. Achaguliwe aliyekauka vizuri asiye na harufu ya kuvunda, aoshwe kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka mchanga umalizike, kisha apikwe kwa nyanya, kitunguu na ndimu nyingi. Mpishi wa kipwani akimtia bizari na kitunguu saumu, hata mkwe hatalalamika. Kuna pia kile kiitwacho mgongo wazi: mifupa na kichwa cha sangara, ambaye minofu yake imekwisha kukatwa viwandani na kusafirishwa Ulaya. Sisi twaona uchungu kuwa mwenye ziwa ameachiwa mgongo. Hata hivyo nyama ibakiayo ni chakula chema. Taabu yake ni mafuta ya kukaangia, yatumikayo siku baada ya siku mpaka yakawa meusi. Mwenye kuweza aununue kabla haujakaangwa, akaufanye mchuzi.

Kuhusu nyama, Muislamu wa Kawangware ana suala la ziada, nalo si la lishe. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu na kuchomwa kando ya njia, si chakula chetu kwa sababu ya damu. Soseji na smoki za mkokoteni, pamoja na shaka ya asili yake, zimejaa chumvi na mafuta. Atakayeziacha kwa ajili ya dini atakuwa ameusaidia moyo wake pia. Mayai ya kuchemsha yauzwayo na kachumbari, mayai boilo kama vijana wayaitavyo, hayana shaka hiyo. Mayai mawili kwa wiki na omena siku moja, mwongozo umekwisha kuridhika bila kuingia kwa mchinjaji.

Unga nao una maneno yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yalazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa paketi uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Unga wa kusagisha mashineni hauna nyongeza hizo, lakini hubaki na ganda la mahindi, ambalo lina nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 2022 paketi ya kilo 2 ilipopita shilingi 200, wengi walirudi mashineni, na hatuwalaumu. Mwenye kula mboga na dagaa hatapungukiwa sana. La hatari ni mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 ukungu wa mahindi ulisababisha vifo 125 katika eneo la mashariki ya Kenya, na sumu ile haiondoki kwa kupikwa. Wala paketi si dhamana, kwani mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga kwa sababu hiyohiyo. Punje iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo itupwe, hata kama roho yauma.

Kwenye maziwa twakiri kuwa mwongozo na mfuko hawaonani. Familia ya watu 5 ikinywa maziwa kila siku kwa kiasi kitakiwacho, hakuna ujira wa kibarua utakaotosha. Rai yetu ni kuwa maziwa yawe na wenyewe: mtoto mdogo kwanza, kisha mama mja mzito au anyonyeshaye, na wengine watosheke na rangi ya chai. Katika mitaa mingi ya Nairobi kuna mashine ziuzazo maziwa kwa kipimo cha fedha uliyo nayo. Hizo, zikiwa safi, ni bora kuliko maziwa ya kibuyu kisichojulikana kilikotoka, ambayo lazima yachemshwe. Maziwa mala hukaa bila jokofu muda mrefu kidogo, nayo ni mepesi tumboni.

Sasa twaja kwa mtoto, na hapa hatutakuwa na pupa. Mama wa Kibera aendaye kufua nguo za watu Kilimani au Lang'ata hutoka alfajiri na kumwacha mwanawe kwa mwanamke aleaye watoto 10 au 15 katika chumba kimoja. Huacha na chupa ya uji na kikopo cha chakula. Miezi 6 ya mwanzo mtoto yapasa apewe maziwa ya mama pekee. Kwa mama wa namna hii jambo hilo lataka akamue maziwa kwenye chombo safi na kuyaacha, na ni wachache walioelezwa kuwa hilo lawezekana. Baada ya miezi 6, chakula kikuu cha mtoto wa kuachwa huwa uji mwepesi uteremkao chupani kama maji. Tumbo hujaa, mtoto hulala, mlezi hupumzika, na miezi hupita asiongezeke kimo. Udumavu wa miaka 2 ya mwanzo ni mgumu mno kurudishwa nyuma.

Uji wa mtoto uwe mzito wa kubakia kijikoni, na alishwe kwa kijiko au kikombe. Utiwe karanga zilizosagwa laini, au maziwa, au mafuta kijiko kimoja. Wala haina haja ya kuchanganya nafaka 8 na unga wa maharagwe mabichi kama vile baadhi ya wauzaji washawishivyo. Mchanganyiko ule huwa mgumu kuiva na mgumu tumboni. Kwenye kikopo, badala ya wali na mchuzi wa juu, awekewe viazi au ugali uliopondwa pamoja na maharagwe na jani la mboga. Na wakati wa chakula cha jioni, kipande cha samaki kisiende kwa baba peke yake huku mtoto akipewa mchuzi. Hili si la Kibera peke yake, nasi sote twalijua.

Kwa aliyekwisha kuingia shule ya msingi ya umma, kuna nafuu. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education, ilianzisha mpango uitwao Dishi na County, ambapo mwanafunzi hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5: wali au githeri, na maharagwe au ndengu. Mzazi aliye na mtoto katika shule iliyomo kwenye mpango asizione shilingi 5 kuwa kidogo za kupuuzwa, maana hapo amepata kunde siku 5 za wiki bila ya kuwasha jiko.

Mazoezi twayapita mbio. Mwongozo wayataka, lakini mtu ashukaye kwa miguu kandokando ya reli kutoka Kibera hadi Industrial Area na kurudi, amekwishatimiza sehemu yake na ya jirani yake.

Tusiwatazame kwa huruma kana kwamba sisi tu wazima. Mahamri ya asubuhi kwa mbaazi za tui zito, biriani ya Ijumaa, mabakuli ya kaimati, bajia na viazi karai kila magharibi ya Ramadhani: mwongozo uleule ukisomwa Mombasa, Malindi au Lamu, sisi ndio tutakaoinamisha vichwa mbele ya mstari wa mafuta na ule wa sukari. Kijana wetu aliyezoea sahani hii ndiye aendaye Nairobi na kuiendeleza kwa chipsi.

Na vifurushi tuwapelekeavyo kwa basi vyasema mengi juu yetu. Halwa, kaimati, kashata, visheti. Havina ubaya siku ya Idi. Lakini nafasi ileile ya boksi yaweza kubeba kilo 2 za pojo, kilo 2 za mbaazi kavu, mfuko wa karanga, ndimu na unga wa bizari, na vitu hivyo vitamfaa mwezi mzima. Tende kidogo zitakuwa badala ya halwa. Ng'onda na papa mkavu twajua hawakosi kuombwa. Wakipelekwa, mpokeaji aambiwe awaloweke usiku kucha, amwage maji, aloweke tena, na sufuria ile isitiwe chumvi nyengine, kwani kipimo cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya samaki.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza namna ya kupima shinikizo la damu nyumbani na maana ya zile tarakimu mbili.